Amin ya Mheshimiwa Zakariya

Tulimwacha Zakariya akishuka ngazi za nyumba ya Hussam mfanyabiashara, ladha ya halwa bado mdomoni, akimshukuru Mungu kwamba katika taabu zote hizi amepata walau jioni moja ya kukaa na watu kwa wema. Masikini. Laiti angejua alichokiacha kule juu.

Zakariya mwamjua. Ndiye yule Mnorwe aliyekuja Liwatoni na mashine za barafu, kijana mwembamba, akiitwa Torstein, jina lililomshinda Bi Maisara akalifupisha likawa Tosti. Akasilimu. Akamuoa Swafia, binti ya huyo huyo Bi Maisara, baada ya kukataliwa na kurudi, kukataliwa na kurudi. Akafungua duka la nyavu na mashine za boti. Kisha benki moja ikampa tawi aliendeshe, na watu wa Mji wa Kale wakaacha kuitaja benki kwa jina lake. Walisema tu, "Naenda kwa Zakariya."

Halafu akaingia siasa. Benki ikamwambia achague, akachagua. Duka likafa. Pasipoti ya Norwe akairudisha kwa wenyewe, asije akaambiwa ana mguu huku na mguu kule. Wapinzani wakamshtaki hata hivyo, ati si raia. Akashinda kesi, akashinda kura, akaapishwa mwakilishi wa wadi.

Na sasa imebaki siku moja bunge la kaunti likae kuamua kiwanja cha kisimani.

Asubuhi hiyo, chai haijapoa, mlango ukabishwa. Swafia akaenda kufungua, akarudi na sinia limefunikwa kawa.

"Latoka kwa Hussam," akasema. "Aliyelileta yuwasema mubarak."

"Allah ambariki."

"Mubarak ya nini, Baba Nabiha?"

Zakariya alikuwa akimega hamri. "Ya dua ya jana, labda. Si mamake hajiwezi?"

"Nani alokwambia hajiwezi?"

"Hakuna. Nilifika nimechelewa, nimetoka kuzika Likoni, feri nayo imenikalisha. Naingia, naona watu wamekaa kimya, Maalim Aidarus asoma Fatiha, mikono iko juu. Nikajua ni dua ya mgonjwa."

"Mamake Hussam nimemuona juzi Marikiti yuwabishana bei ya mabenda," Swafia akasema. "Asojiweza alikuwa yule muuza mabenda."

Zakariya akacheka. Kisha akaona mkewe hacheki.

"Uliitikia?"

"Niliitikia. Kila mtu aliitikia."

"Kwa lipi?"

Zakariya akaiweka hamri sahanini. Swafia akavuta kiti akaketi taratibu.

"Wewe," akasema. "Wewe uliyekuwa ukirudisha watu pale benki kwa kuwa sahihi zao zimepinda."

Zakariya akavaa kofia akatoka. Njia nzima hadi afisini kwake ni mwendo wa kusalimiana, na leo salamu zilikuwa za namna mbili. Wazee wa kahawa walimshika mkono kwa mikono miwili: "Umefanya la kiume, Mheshimiwa." Lakini Mbeyu, muuza viazi karai aliyempigia kampeni mpaka koo likakauka, aliinamia mafuta yake.

"Leo viazi hakuna, Mbeyu?"

"Viazi viko. Muuzaji ndo hayuko."

Na kweli hakuinua uso.

Afisini alimkuta Kazungu, karani wake, amesimama mlangoni. Kazungu hasimami mlangoni. Kwa kawaida humkuta ameketi, miguu juu ya kiti cha wageni.

"Mheshimiwa, habari imefika hadi Feri. Ati mumesomeana Fatiha na Hussam. Kiwanja cha kisimani ni chake."

Zakariya akaegemea ukuta.

Hapa yafaa nieleze, kwa msomaji wa mbali. Mji wa Kale karatasi hutiwa sahihi kwa ajili ya serikali. Watu wenyewe wakitaka kufungana, hutaja niya, yaani jambo wanalokubaliana, wakainua mikono, ikasomwa Fatiha. Ukiitikia amin, basi umeingia. Posa hufungwa hivyo, na ubia wa biashara, na sulhu za ndugu waliogombana. Kulivunja jambo la Fatiha watu huogopa kama kukanyaga moto.

Na kiwanja chenyewe ndicho alichokiombea kura. Kiko wazi kando ya kisima cha zamani, ndani ya mitaa ambayo gari haipiti. Aliwaahidi kina mama kliniki ya kujifungulia pale pale, watu waende kwa miguu. Hussam alikitaka kwa hoteli. Bungeni wenzake humsikiliza mwenye wadi. Alipolalia yeye ndipo jambo hulalia.

"Mimi sikukubali kitu, Kazungu. Niliinua mikono tu."

"Kwetu Ganze, Mheshimiwa, ukinywa mnazi wa posa umeoza binti. Huwezi kusema ulikuwa na kiu." Kazungu akamtazama, akaona mzaha hauna nafasi. "Nenda kwa Maalim. Yeye ndiye alosoma, yeye ndiye ajuaye amesoma nini."

Mchana huo Maalim Aidarus alikuwa peke yake katika chuo chake cha Kurani, watoto wameshatawanyika, akizipanga juzuu rafuni.

"Masalkheri, Maalim."

"Akheri. Wajionaje, Zakariya?"

"Jana ulisoma Fatiha ya nini?"

Maalim akageuka. Alimtazama kitambo, kama mtu aliyeulizwa jina la mamake.

"Ya kiwanja. Niya niliitaja waziwazi. Hussam apate kiwanja cha kisimani, naye awajengee kina mama kliniki Tononoka. Nikasema, na Mheshimiwa yu pamoja nasi katika hili. Ndipo Hussam akanambia, huyo amefika. Nikaanza kusoma."

"Nilikuwa navua viatu. Niya sikuisikia."

"Uliitikia, mwanangu. Tena kushinda wote."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Tangu asilimu, Zakariya huitikia amin kwa sauti ya juu. Hakutaka kamwe mtu wa pembeni aseme, yule Mzungu yuko yuko tu.

"Basi nimefungika?"

"Kisheria, hapana," Maalim akasema. "Mtu hafungwi na asilolikusudia. Hilo nakwambia mimi, na kila alosoma atakwambia vivyo."

Moyo wa Zakariya ukarudi mahali pake. "Basi waambie watu hivyo, Maalim. Leo, msikitini."

Maalim akaweka juzuu chini.

"Nitawaambia. Nao wataniuliza, mbona aliitikia? Wewe ulikuwa mtu wa benki, wanifahamu. Mteja mmoja akinyimwa amana yake leo, kesho wako wangapi mlangoni?"

"Wote."

"Wote. Kuna ndoa mji huu hazina cheti. Kuna nyumba hazina hati, ndugu wamegawana ukumbini wakasomeana, yakaisha. Zimesimama kwa amin tu. Ikionekana Mheshimiwa aweza kuitikia usiku akakataa asubuhi, kila mwenye lake atalikataa." Akashusha pumzi. "Nami nina langu. Nilisoma kwa kuambiwa yu pamoja nasi. Nilipaswa ningoje uketi, nikuulize. Sikukuuliza."

Akaiokota juzuu, akaipachika rafuni.

"Mlango ni mmoja," Maalim akasema mwishowe. "Hussam mwenyewe akufungue. Akisema mbele ya watu, nimemwachilia, yamekwisha, wala hapana atakayetia neno."

Zakariya alirudi afisini akijipangia maneno ya kumbembeleza Hussam. Hakuhitaji. Hussam alikuwa amekwisha kufika, ameketi kiti cha wageni, kanzu imenyooka, anukia udi.

"Ndugu yangu," Hussam akasema kwa upole. "Nasikia wahangaika. Mbona hukunipigia?"

"Nilikuwa nakuja."

"Sikukuita kwa hila, wallahi. Nilikwambia alasiri, ukaja magharibi. Kilichosomwa kilisomwa."

"Kiwanja ni cha kina mama, Hussam. Niliwaahidi."

"Na kliniki watapata. Tononoka si mbali."

"Kwa mwenye uchungu ni mbali."

Hussam akatabasamu, akachezesha tasbihi yake. "Sawa. Tusivutane. Mimi nitakufungua. Bure kabisa."

Kazungu, aliyekuwa akijifanya aandika, akaacha kuandika.

"Kesho bungeni," Hussam akaendelea, "kabla ya kupinga, utasema neno moja tu. Utasema: mimi ni mtu wa Norwe, mila hizi si zangu, nilidhani ni dua, sikujua nililoliitikia. Papo hapo mimi nitasimama kule juu kwa wageni niseme nimekuachilia. Kiwanja chako."

"Neno hilo tu?"

"Hilo tu. Watu watacheka kidogo, watakusamehe. Mzungu hana kosa."

Nawaambia ukweli, Zakariya alitamani. Lilikuwa neno jepesi, na nusu yake kweli: niya hakuisikia. Angelisema, kina mama wakapata kliniki, na mzigo ukashuka begani. Ulimi wake ulikwisha kulalia upande huo.

"Nipe hadi kesho," akasema.

"Hadi kesho. Wala usijitie presha."

Hussam alipotoka, harufu ya udi ikabaki. Kazungu akafungua dirisha.

"Mpwawe atagombea kiti hiki, wajua," akasema.

"Najua."

"Basi hilo neno lako atalichapisha kwenye mabango. Mtu asojua anachoitikia." Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini mimi nawaza jingine, Mheshimiwa. Siku ulipomposa Mama Nabiha, si ilisomwa Fatiha?"

"Ilisomwa."

"Na wewe ukaitikia."

Zakariya akaketi kiti cha wageni. Alikumbuka chumba kile, na Bi Maisara nyuma ya pazia akiuliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu ajua anachokisema, au afuata wenzake?" Ilimchukua miaka kulifuta swali lile. Kesho angesimama mbele ya kaunti nzima na kumjibu mkwewe: sikujua, mama, nilikuwa nafuata wenzangu.

Simu ikalia. Ilikuwa Swafia.

"Njoo kwa mama," akasema. "Wako wote."

Nyumba ya Bi Maisara haijapata kujaa vile ila siku ya arusi. Wanawake walikaa mikekani bega kwa bega, buibui kwa buibui. Mbeyu alikuwamo, bado anuka mafuta ya viazi. Mwanabaraka, mdogo wake Swafia, alikuwa amempakata mwanawe. Na Swafia hakuja kumpokea mlangoni. Alikuwa ameketi ubavuni mwa mamake.

"Karibu, Tosti," akasema Bi Maisara.

Hajamwita hivyo tangu siku ya nikaha. Zakariya aliketi pale pale mlangoni.

"Shemeji," Mwanabaraka akaanza, "huyu mwanangu wajua nimemzalia wapi. Kwenye tuktuk, barabara imeziba, mbele ya duka la simu. Dereva amefumba macho yuwavuta uradi, amwomba Mungu, mpaka mtoto akalia. Hadi leo watoto wa mtaani wamwita Tuktuk. Mimi sitaki mwengine apewe jina hilo."

Wengine wakacheka, wengine wakajifuta macho.

"Wasema kliniki itakuwa Tononoka," akadakia Mbeyu. "Uchungu ukikaza, Tononoka ni Maka."

"Ulisema amin, au hukusema?" akauliza Bi Maisara. "Nataka neno moja."

"Nilisema, mama."

Chumba kikaguna.

"Niya sikuisikia," Zakariya akaendelea. "Maalim amenambia kisheria sifungiki. Na Hussam amenipa njia ya kutoka." Akawaeleza yote, neno kwa neno, hadi lile la Mzungu hana kosa.

Hakutarajia kilichofuata. Mbeyu alipiga paja.

"Basi sema, baba. Sema tupate kiwanja chetu. Uzungu si ugonjwa, mtu huchekwa akapona."

"Sema, Mheshimiwa," akasema mwengine. "Sisi twakujua wewe ni nani."

"Sema, shemeji."

Wakawa wote wamsihi, wale wale aliokuja akiwaogopa. Walikuwa wakimpa ruhusa ya kuwa mgeni. Akamtazama Swafia. Swafia alikuwa akitazama mikono yake.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini?" Mwanabaraka akauliza. "Kwa ajili ya haya?"

"Kwa kuwa ni uongo. Amin naijua. Naijua tangu siku nilipomtaka Swafia chumba hiki hiki." Akamgeukia Bi Maisara. "Jana sikuuliza niya kwa sababu nimezoea kutouliza. Tangu niapishwe naitwa kila mahali. Arusi, hitma, duka jipya, boti mpya. Naingia, naona mikono juu, naitikia, nala, naondoka. Watu wafurahi, nami nafurahi kuwa wamefurahi. Hilo halikutoka Norwe, mama. Kule hapana mtu angeniita. Nimelipata hapa, kwenye uheshimiwa. Nikilitupia uzungu, nitakuwa nimeutoroka uso wenu."

Mtoto wa Mwanabaraka akakohoa, akatulizwa.

"Kesho nitakitetea kiwanja," Zakariya akasema. "Nitasema niliitikia bila kuuliza, na kwamba navunja, na kuvunja ni juu yangu. Hussam asinifungue. Wanaotaka kunilaumu wanilaumu kama mtu wa hapa."

Swafia akainua uso. Macho yalikuwa na maji, lakini hakuwa na hasira tena, hilo Zakariya alilijua. Mke wa mtu humsoma mumewe, na mume naye, akiwa mwangalifu, hujifunza kusoma kidogo.

Bi Maisara ndiye aliyekuwa hajalegea.

"Umesema vizuri," akasema. "Wewe siku zote wasema vizuri, ndiyo nikakupa binti yangu. Lakini kesho wenzako bungeni watasema: huyu amevunja ya Hussam, ya hawa wanawake ataishikaje? Watakupinda. Watakukalisha chai, watakwambia subiri kikao kijacho."

"Hawatanipinda, mama."

"Mimi nataka kukufunga."

"Kwa nini?"

"Kwa Fatiha ile ile iliyokufunga jana." Akageuka kwa wenzake. "Inueni mikono."

Buibui zikachakarika chumba kizima, viganja vikafunguka. Zakariya hakuinua vyake.

"Niya, mama," akasema. "Itaje kwanza."

Kwa mara ya kwanza siku ile, kitu kama tabasamu kilipita usoni pa Bi Maisara, kikaondoka.

"Niya ni hii. Kiwanja cha kisimani kibaki cha kina mama. Kesho kisipobaki, Swafia na mwanawe Nabiha warudi nyumba hii, na wewe usiwafuate."

Mbeyu akashusha mikono. "Bi Maisara, hilo zito."

"Wamama wanaozaa njiani nao wana zito."

"Mama, kura si yangu peke yangu," Zakariya akasema. "Naweza kusema mpaka sauti ikauke, bado wenzangu wakanishinda kwa wingi."

"Najua."

"Basi wanifunga kwa jambo lililo mikononi mwa wengine."

"Najua, mwanangu. Sisi pia tulijifunga kwako siku tuliyokupigia kura, na mambo yetu yakawa mikononi mwa mwengine." Sauti yake ililainika, na kwa kulainika ikawa nzito zaidi. "Ukitaka, waweza kuondoka. Mlango uko nyuma yako. Hakuna atakayekuita muongo."

Zakariya akamtazama mkewe. Mikono ya Swafia ilikuwa bado mapajani. Kama asingeiinua, labda mamake angeacha. Hakuna Fatiha ya kumrudisha mtu nyumbani naye mwenyewe hataki.

Swafia akamtazama. Alikuwa na uso ule wa siku aliyomfungulia mlango wa chumba cha mtihani wa uraia, akamwambia aingie asigeuke.

Kisha akainua mikono. Si mamake aliyemwambia.

Zakariya akainua yake.

Bi Maisara akasoma polepole, kila neno na mahali pake, hakuna la kusingizia kuwa halikusikika. Mitaani kulikuwa na kelele za watoto na honi za mbali, lakini chumbani palikuwa na sauti hiyo moja. Akafika mwisho wa aya ya mwisho, akanyamaza.

Hakuna aliyeitikia. Wote, na Swafia miongoni mwao, walikuwa wakimngoja Zakariya atangulie kusema amin.